Misingi ya Elimu ya Uchumi ya Karl Marx na Njia ya Kuidurusu

Mnamo mwezi wa Septemba 1867, katika mji wa Hamburg, mchapishaji Otto Meissner alitoa nakala 1,000 za juzuu ya kwanza ya kitabu cha Rasilmali, ambacho mwandishi wake Karl Marx, Mjerumani aliyekuwa akiishi uhamishoni London, alikuwa amekishughulikia kwa miaka mingi katika chumba cha kusomea cha Makumbusho ya Uingereza, huku maradhi na ufukara vikimwandama yeye na aila yake. Ilipofika 1872 kitabu hicho kikafasiriwa kwa Kirusi, na wakaguzi wa serikali ya Tsar wakakiruhusu kipite, kwa hoja kwamba ni kitabu kizito cha elimu, watakaokisoma watakuwa wachache na watakaokifahamu wachache zaidi. Juu ya natija yake walikosea sana, lakini juu ya uzito wake walisema kweli. Na uzito huo ndio uliowafanya watu wa kila upande, wafuasi na wapinzani, wakimbilie mihtasari iliyoandikwa na wengine, hata ikawa wengi wanaoutetea au kuukashifu uchumi wa kisiasa wa Marx wanatetea au wanakashifu kitu walichokisikia tu.

Mashuhuri katika mihtasari hiyo ni kile kitabu cha mafunzo kilichotolewa Moscow mwaka 1954 na Akademia ya Sayansi ya Muungano wa Kisovieti, kikafasiriwa kwa lugha nyingi na kusomeshwa katika nchi nyingi. Humo kila kitu kimefafanuliwa na kila ufafanuzi umefungwa: bidhaa ni hivi, fedha ni vile, ubepari utapita na ujamaa utafuata kwa kanuni zisizokwepeka. Mwanafunzi aliyehifadhi milango yote ya kitabu hicho huweza kuyakariri majibu pasipo kutua, ilhali akiulizwa kwa nini manamba, yaani kibarua wa mkataba, wa mashamba ya mkonge ya Tanga alilipwa ujira usiotosha kulisha mke na watoto, na bado mke na watoto wakaishi, hana la kujibu, kwa sababu hakufundishwa kuuliza. Nami naona kwamba hapo ndipo elimu hii ilipoharibiwa. Misingi yake ni michache, na yote inazunguka swali moja: nani anafanya kazi, nani anamiliki vitu vya kufanyia kazi, na ni shuruti gani iliyomleta wa kwanza mlangoni kwa wa pili? Mwenye kulishika swali hilo ataifahamu bei, mshahara, faida, riba na kodi ya ardhi, kila moja mahali pake. Na mwenye kuliacha, hata akizihifadhi juzuu zote tatu, atakuwa amehifadhi maneno.

Marx alirithi mjadala uliokwisha komaa. Mwaka 1758 François Quesnay, tabibu wa mfalme wa Ufaransa, alichora jedwali lililoonyesha namna mazao ya nchi yanavyozunguka baina ya matabaka, naye akiamini kwamba kilimo peke yake ndicho chenye kuzaa ziada. Adam Smith katika 1776 akaipanua rai hiyo, akaihesabu kazi ya viwandani pia kuwa chemchemi ya utajiri. Na David Ricardo, katika kitabu chake cha 1817, akaikaza zaidi kwa kusema kwamba thamani ya bidhaa hupimwa kwa kadiri ya kazi inayohitajika kuitengeneza. Lakini Ricardo aliacha fundo ambalo hakulifungua: ikiwa kazi ndiyo izaayo thamani, na mfanyakazi hulipwa thamani ya kazi yake kwa ukamilifu, faida ya mwenye mali yatoka wapi? Baadhi ya watetezi wa wafanyakazi nchini Uingereza, kama Thomas Hodgskin katika 1825, walijibu kwamba mfanyakazi anadhulumiwa haki yake; na jibu hilo, ijapokuwa lina insafu, halielezi dhuluma hiyo inapita mlango gani. Marx alijifunga kwa sharti gumu zaidi, kwani alitaka kuieleza faida huku akikubali kwamba kila kitu, pamoja na kile anachokiuza mfanyakazi, kinauzwa kwa thamani yake kamili bila hadaa wala punjo. Sababu yake ni ya mantiki: sokoni mwuzaji wa leo ni mnunuzi wa kesho, na wote wakizidisha bei watapunjana wao kwa wao, mali ikihama mikono pasi na kuongezeka hata chembe.

Ili kufika huko alianza na bidhaa, na mwanzo huo ndio unaowavunja moyo wasomaji wengi. Kila bidhaa, alisema, ina manufaa yake kwa mwenye kuitumia, na ina kadiri ambayo kwayo hubadilishwa na bidhaa nyingine. Manufaa ya kitambaa na manufaa ya mahindi hayalinganishiki. Basi kinachoviwezesha viwili hivyo kuwekwa katika mizani moja ni kuwa vyote viwili vimegharimu sehemu ya kazi ya jamii. Wala hiyo si kazi ya mtu huyu au yule, kwani hapo mvivu angalikuwa ndiye mwenye kuzalisha thamani kubwa kuliko hodari. Ni muda wa kazi unaohitajika kwa wastani, kwa vyombo na ustadi wa zama zile. Mitambo ya kufumia ya mvuke ilipoenea Uingereza, mfumaji wa mkono aliendelea kuhitaji saa zile zile kufuma joho lile lile, lakini saa yake moja ikawa sasa yahesabiwa kama nusu saa ya kazi ya jamii, na thamani ya nguo yake ikaanguka kwa nusu. Hakuna aliyempiga wala kumnyang'anya. Soko lilimjia kama kudura isiyo na uso. Marx aliliita jambo hili ushirikina wa bidhaa, yaani uhusiano baina ya watu na watu kuonekana machoni kama uhusiano baina ya vitu na vitu, na mimi nalihesabu kuwa miongoni mwa mafunzo yake yenye thamani kubwa, maana mpaka leo husikia watu wakisema kwamba bei ya kahawa imeshuka kwa namna ile ile wasemayo kwamba mvua imekatika.

Fundo la Ricardo lilifunguliwa kwa kutofautisha kazi na uwezo wa kufanya kazi. Anachokiuza mfanyakazi ni uwezo wake, nguvu-kazi yake, kwa muda wa siku au juma. Na thamani ya nguvu-kazi, kama ya bidhaa yoyote, ni gharama ya kuizalisha upya, ndiyo chakula, mavazi, maskani na malezi ya watoto watakaoshika mahali pake. Tofauti hii Marx mwenyewe hakuipata kwa siku moja. Katika mihadhara aliyowapa wafanyakazi wa Kijerumani mjini Brussels mwaka 1847 alikuwa bado anasema kwamba mfanyakazi huuza kazi, na ilipofika 1891 sahibu yake Friedrich Engels, alipokuwa akiichapisha mihadhara hiyo upya baada ya mauti ya Marx, alirekebisha ibara hiyo na kueleza wazi katika dibaji kwa nini amefanya hivyo.

Hesabu aliyoipiga Marx ni ya kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba, na kila mwanafunzi yafaa aipige mwenyewe kwa kalamu. Mahitaji ya msokotaji kwa siku ni shilingi 3, na shilingi 3 ni zao la saa 6 za kazi. Katika saa 6 msokotaji hugeuza ratili 10 za pamba, zenye thamani ya shilingi 10, ziwe uzi, na vyombo vikachakaa kwa kadiri ya shilingi 2. Kazi yake ikaongeza shilingi 3, na uzi wote ukawa na thamani ya shilingi 15. Mwenye kiwanda amelipa 10 na 2 na 3, jumla 15, na faida hakuna. Lakini yeye hakununua saa 6. Amenunua nguvu-kazi ya siku nzima, na siku ni saa 12. Basi katika saa 12 zinasokotwa ratili 20, za shilingi 20, vyombo vikachakaa kwa shilingi 4, na kazi ikaongeza shilingi 6, jumla 30. Ilhali mwenye kiwanda ametoa 20 na 4 na zile zile 3 za ujira, ambazo ni 27. Zimebaki shilingi 3, nazo ni thamani ya ziada. Pamba imelipwa kwa haki, vyombo vimelipwa kwa haki, msokotaji naye amelipwa thamani ya bidhaa aliyoiuza, wala sheria ya soko haikuvunjwa hata kidogo. Karani wa hesabu ataigawa 3 kwa 27 na kusema kwamba faida ni kama asilimia 11, faida ya kiasi, ya mtu mwenye staha. Marx anaigawa ziada ya 3 kwa ujira wa 3 na kuonyesha kwamba nusu ya siku mfanyakazi alijitumikia mwenyewe na nusu ya pili alimtumikia mwingine bure, yaani asilimia 100. Hesabu zote mbili ni sahihi, na tofauti yake yatokana na mahali anaposimama mwenye kuhesabu.

Kutoka hapo kunafuata mambo makubwa. La dhahiri ni kwamba urefu wa siku ya kazi hauwezi kuamuliwa na kanuni za biashara, kwa kuwa mnunuzi ana haki ya kukitumia alichokinunua na mwuzaji ana haki ya kuuhifadhi mwili wake usiharibiwe, na haki mbili zilizo sawa zinapogongana huamua nguvu. Sura ya siku ya kazi katika juzuu ya kwanza ni ndefu, na imejaa ushahidi uliochotwa kutoka ripoti za serikali ya Uingereza yenyewe, hususan za mkaguzi wa viwanda Leonard Horner, mtu aliyeitumikia sheria kwa ushupavu hata waajiri wakamchukia. Humo msomaji ataona jinsi waokaji mikate, wafinyanzi na watoto wa viwanda vya kiberiti walivyotumikishwa, na jinsi ilivyohitajika zaidi ya miaka 30 ya kugombana mpaka Bunge likapitisha sheria ya saa 10 mwaka 1847. Waajiri wakishazuiwa kuirefusha siku, hugeukia mitambo na kupanga upya kazi, ili mahitaji ya mfanyakazi yapatikane kwa saa chache na saa za ziada ziongezeke ndani ya siku ile ile. Na humo mna maelezo ya kwa nini ubepari, kuliko nidhamu zote zilizoutangulia, hauachi kubadili vyombo vyake.

Pingamizi nazo zina haki ya kusikilizwa, na mwalimu anayezificha anawadhulumu wanafunzi wake. Kubwa kuliko zote ilitolewa mwaka 1896 na Eugen von Böhm-Bawerk, mwanachuoni wa Austria aliyepata kuwa waziri wa fedha wa nchi yake, baada ya Engels kuitoa juzuu ya tatu katika 1894. Alisema kwamba juzuu ya kwanza yafundisha kuwa bidhaa hubadilishwa kwa kadiri ya kazi, na ya tatu yakiri kuwa hubadilishwa kwa bei ambazo zinamsawazishia kila mwenye rasilmali faida yake, awe ameajiri watu wengi au wachache. Basi moja yaitengua nyingine. Marx alikuwa ameonyesha njia ya kutoka kwenye thamani kufika kwenye bei hizo, lakini hesabu yake haikukamilika, na Ladislaus von Bortkiewicz alijaribu kuirekebisha mnamo 1907. Mwaka 1960 Piero Sraffa wa Cambridge akaonyesha kwamba bei na faida zaweza kukokotolewa moja kwa moja kutoka katika kadiri za vitu na ujira, pasi na kupitia thamani ya kazi kabisa. Hukumu yangu ni kwamba wale waliotaka kuifanya kanuni ya thamani kuwa chombo cha kubashiria bei ya kila bidhaa wameshindwa, na yafaa wakiri. Lakini nguzo yenyewe ya hoja haikuanguka, kwa kuwa Michio Morishima, Mjapani aliyekuwa akifundisha London, alithibitisha kwa hisabati katika 1973 kwamba faida haiwezi kupatikana pasipo kazi ya ziada, na kazi ya ziada ikiwapo ndipo faida hupatikana. Katika nidhamu ya Marx hilo ndilo lililokuwa la lazima.

Juu ya rai yake kwamba kiwango cha faida huelekea kushuka kadiri mitambo inavyochukua nafasi ya watu sitakawia, maana Marx mwenyewe aliorodhesha sababu zinazoizuia, na Nobuo Okishio katika 1961 alionyesha kwamba ujira halisi ukibaki vile vile, mbinu mpya inayompunguzia mwajiri gharama hukipandisha kiwango hicho wala haikishushi. Anayeijenga imani yake yote juu ya rai hiyo anajenga mahali palegevu. Juzuu ya pili, iliyotolewa 1885, yahusu mzunguko wa rasilmali, na ni kavu. Faida yake kubwa ni majedwali yanayouliza jinsi bidhaa zote zinavyopata wanunuzi mwaka hata mwaka, swali ambalo Rosa Luxemburg alilichukua katika 1913 akahitimisha kwamba ubepari hauwezi kuishi ila kwa kula nchi na watu walio nje yake. Wengi wamemkosoa katika hisabati, lakini hakuna anayeweza kumkosoa kwa kulielekeza jicho la elimu hii kwenye makoloni.

Na kwa msomaji wa Afrika Mashariki, utajiri wa elimu hii uko katika sehemu ya mwisho ya juzuu ya kwanza, ile inayouliza mfanyakazi asiye na kitu cha kuuza ila nguvu zake alitoka wapi. Wanavyuoni wa zama zile walikuwa wakisimulia kwamba hapo kale walikuwako watu wenye bidii wakaweka akiba, na wavivu wakatapanya, na kutoka hapo wakatokea matajiri na maskini. Marx aliibomoa hekaya hiyo kwa tarehe. Alionyesha jinsi wakulima wa Uingereza walivyofukuzwa katika ardhi waliyoilima kwa pamoja, na jinsi bibi kabaila wa Sutherland huko Uskochi, baina ya 1814 na 1820, alivyowahamisha watu 15,000 kwa kuvichoma vijiji vyao, hata kufikia 1825 mahali pao pakawa na kondoo 131,000. Kisha akaongeza kisa cha bwana Peel aliyekwenda Swan River huko Australia akiwa, kwa hesabu aliyoinukuu Marx, na mali ya pauni 50,000 na watu 3,000 wa tabaka la wafanyakazi. Na alipofika, ardhi ikiwa iko tele na kila mtu akiweza kujilimia, wote wakamtoka, asibaki na mtumishi hata wa kumtandikia kitanda au kumtekea maji mtoni. Peel alikuwa amechukua kila kitu isipokuwa ule uhusiano wa watu unaoifanya mali iwe rasilmali.

Walowezi wa Kenya walilijua somo hili pasipo kumsoma Marx. Walipopewa ardhi chini ya sheria ya 1902, na baadaye kwa hati za miaka 999 chini ya ile ya 1915, waliona mara moja kwamba shamba lisilo na vibarua ni pori, na kwamba Mkikuyu au Mluo mwenye shamba lake hana haja ya kuwalimia. Kodi ya kibanda ilikwisha anzishwa tangu 1901. Na mbele ya Tume ya Kazi ya Wenyeji ya 1912 na 1913 baadhi ya walowezi walidai waziwazi kwamba maeneo ya Waafrika yapunguzwe na kodi iongezwe, ili watu wasukumwe kwenda kutafuta mshahara. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kukaja kipande, kilichomfunga mtu na mwajiri wake kwa maandishi. Katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani nako kodi ilianza kutozwa 1898, na pale watu walipolazimishwa kulima pamba kwa ujira usio na maana, Umatumbi iliwaka katika 1905 na vita vya Maji Maji vikaenea kusini yote.

Zanzibar yatupa ushahidi wa upande wa pili. Sheria ya 1897 iliyokomesha hadhi ya utumwa, na kuwapa fidia wenye watumwa, iliandaliwa na Waingereza waliotarajia kwamba mtumwa wa jana atakuwa kibarua wa leo, aje shambani asubuhi kwa saa na aondoke jioni na ujira wake. Haikuwa hivyo. Wengi wa walioachwa huru walikaa katika pembe za mashamba ya mikarafuu, wakapanda mihogo yao, wakachuma karafuu msimu ukiwadia, na kazi ya kila siku kwa amri ya saa wakaikataa, hata serikali na wenye mashamba wakalalamika kwa miaka. Waliokuwa wamepokonywa minyororo hawakuwa bado wamepokonywa ardhi ya kulima, na maadam walikuwa na mihogo yao, uhuru wao ulikuwa na miguu. Mtu akizisoma habari hizi za Swan River, za Kenya na za Unguja kwa pamoja, ataifahamu maana ya rasilmali kwa namna ambayo fasili za Moscow hazikuweza kumfundisha.

Sasa lile swali la manamba wa Tanga linajibika. Manamba waliletwa kwa mkataba kutoka Songea, Kigoma na Rwanda-Urundi, na ujira wao ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja mseja. Mke aliyebaki kijijini alilima, akalea watoto, akauguza wagonjwa, na mume aliporudi amechakaa akamlisha mpaka kufa kwake. Yaani sehemu kubwa ya gharama ya kuizalisha nguvu-kazi ilibebwa na jembe la mwanamke ambaye hakuandikwa katika daftari la mwajiri yeyote. Marx aliingiza malezi ya watoto katika thamani ya nguvu-kazi, lakini hakuuliza kwa kirefu ni nani anayeifanya kazi hiyo na kwa malipo gani, na huu ni upungufu katika jengo lake, ambao wanawake waandishi wa miaka ya 1970 walikuwa na haki ya kuushutumu. Nchini Kenya serikali yenyewe ilikuja kuukiri mpango huo: kamati ya mishahara chini ya F. W. Carpenter ilipendekeza mwaka 1954 kwamba ujira upimwe kwa mahitaji ya familia badala ya mahitaji ya mseja. Wakati huo wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wamekwisha ufunga mji kwa mgomo mkuu wa Januari 1947, na wale wa mji wa Unguja walikuwa wamegoma mwaka uliofuata.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba Marx hakudai kuwa njia ya Uingereza ni njia ya walimwengu wote. Katika 1853, alipokuwa akiandika juu ya Bara Hindi, alikuwa na matumaini makubwa mno juu ya yale ambayo reli za Waingereza zingeyaleta. Lakini katika barua aliyompelekea Vera Zasulich mwezi wa Machi 1881, juu ya vijiji vya Urusi vilivyomiliki ardhi kwa pamoja, alisema bayana kwamba ulazima alioueleza unahusu nchi za Ulaya ya Magharibi. Waliomgeuza kuwa mtabiri wa njia moja walifanya hivyo kinyume cha kauli yake.

Kauli hiyo ingalifaa kusikika zaidi katika mjadala wa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa Ujamaa wa 1962, alisema kwamba Afrika haikuanza na vita vya matabaka bali na aila, na hakuona haja ya kuvileta. Katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967 vijana wa Chuo Kikuu pale Mlimani, kwa jarida lao la Cheche lililozuiwa mwaka 1970, na walimu kama Walter Rodney, aliyetoa mwaka 1972 kitabu juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, walijibu kwamba matabaka yapo, utake usitake. Issa Shivji akaenda mbali zaidi; katika kitabu chake cha 1976 alihoji kwamba baada ya mabenki na viwanda kutaifishwa, watendaji waliovishika wamekuwa wenyewe tabaka lenye maslahi yake, na akaonyesha jinsi wafanyakazi walivyoutumia Mwongozo wa TANU wa 1971 kuwadai hesabu. Abdulrahman Mohamed Babu naye, katika kitabu alichokiandika gerezani na kikatoka 1981, alisisitiza kwamba ujamaa usiojenga nguvu za uzalishaji nchini utabaki kugawana umaskini. Nawaheshimu wote hawa. Lakini lazima isemwe kwamba wino mwingi ulimwagika juu ya kuamua ni tabaka lipi lililoishika dola, na mchache juu ya hesabu za kiwanda kimoja au za shamba moja. Na kwamba karibu yote yaliandikwa kwa Kiingereza, mwendo wa dakika chache tu kutoka kiwanda cha nguo cha Urafiki, ambako walikuwako maelfu ya watu waliokuwa wakiziishi zile saa 6 na saa 6 za msokotaji.

Swali lililobaki gumu ni la mkulima mdogo. Mwenye kihamba cha kahawa Kilimanjaro, ambako chama cha ushirika cha KNCU kilianzishwa 1933, ana ardhi, ana jembe, hana bwana wa kumwamuru. Katika fasili za vitabu yeye si mfanyakazi wala si bepari. Henry Bernstein, aliyefundisha Dar es Salaam katika miaka ya 1970, alipendekeza tumtazame kama mtu anayetawaliwa na rasilmali pasipo kuajiriwa nayo, kwa kuwa mbegu, dawa, daraja na bei huamuliwa mahali pengine, na akipunjwa hufidia kwa kuongeza saa zake na za mkewe na wanawe. Naiona rai hiyo kuwa ya nguvu, ila haimalizi swali, kwani mkulima yule anaweza kuing'oa mibuni na kupanda ndizi, na msokotaji hana ndizi za kupanda.

Kwa anayetaka kuanza, Marx mwenyewe alikwisha mwelekeza. Tarehe 30 Novemba 1867 alimwandikia rafiki yake Ludwig Kugelmann kwamba amwambie mkewe aanze na sura za siku ya kazi, za ushirikiano, mgawanyo wa kazi na mitambo, na za asili ya rasilmali, ambazo ndizo nyepesi kusomeka. Nami ningetanguliza ule mhadhara wa Juni 1865 juu ya mshahara, bei na faida, ulioandaliwa na binti yake Eleanor na kuchapishwa katika 1898, kwa sababu ni mfupi na ulisemwa mbele ya wafanyakazi. Baada ya hayo na irudiwe sura ya kwanza, polepole, kalamu mkononi, na ndipo ije juzuu ya tatu. Na ubavuni mwa kitabu lazima pawe na hesabu za kweli za mahali anapoishi msomaji, ziwe za chama cha ushirika, za kiwanda au za bandari, naye azipasue mpaka aone ziada iko wapi na imekwenda kwa nani. Walimu wetu wanaoijua elimu hii na wazitoe hesabu hizo kwa Kiswahili, zisomwe na wale ambao jasho lao ndilo lililohesabiwa humo.